Reli ya bustani uani kwangu: treni haikunisumbua, kokoto ndizo zilizonitoa jasho

Kwanza niseme nilichonunua, maana ukitaja treni ya bustani watu wanafikiria yale makorokoro ya plastiki yanayotembea kwa betri mbili za redio. Yangu ni seti iliyotumika, ya geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 45. Ina reli za shaba, mataruma (vile vipande vinavyolala chini ya reli) ya plastiki ngumu inayostahimili jua, kichwa cha umeme kilichotengenezwa kwa sura ya kile cha mvuke, mabehewa mawili ya abiria na moja la mizigo. Mdogo wangu anayeishi Ujerumani aliipata kwa mtu kwa euro 180, akaja nayo likizo ndani ya begi, nguo zake akazibeba mkononi. Seti ilikuja na vipande 12 vya kona, vinavyofunga duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 60. Nikaongeza vipande 24 vilivyonyooka vya sentimita 30 kila kimoja, njia nzima ikafika kama mita 11.

Geji hiyo sikuichagua kwa bahati. Mwaka 1968 kampuni ya Lehmann ya Nuremberg ilipotoa treni zake za LGB ilitumia reli ya milimita 45 kwa kipimo cha 1 kwa 22.5. Zidisha mwenyewe: unapata milimita 1,012 na nusu. Hiyo ni reli ya mita moja, ileile Wajerumani waliyoanza kuitandika Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Seti yangu si ya LGB, ila imefuata vipimo hivyo. Mzee wangu, aliyefanya kazi ya kutunza njia ya reli mpaka akastaafu, alichuchumaa, akaweka vidole viwili kati ya reli, akasema, "Hii ni ya kwetu." Wanangu, ambao treni wanayoijua ni ile ya umeme ya SGR, wao waliuliza kwa nini hii ina bomba kichwani.

Treni yenyewe naipa nyota nne bila kusita. Ilipowashwa mara ya kwanza sebuleni ilizunguka saa nzima, haikutoka relini hata mara moja. Shida ilianza ilipotoka nje.

Naishi Bigwa, kwenye mteremko, na mvua za Uluguru sihitaji kumsimulia mtu wa Morogoro. Nilimpa kazi fundi wa bustani kwa laki sita. Akaja na vijana wawili, wakamwaga kifusi, wakafanya tuta, juu wakatandaza yale mawe meupe ya mviringo yanayowekwa kwenye vyungu vya maua hotelini, kisha wakapanda kanna na krotoni kandokando. Siku mbili kazi imekwisha. Kwenye picha ilipendeza mno, nami nikamlipa yote. Hapo nilikosea.

Wiki hiyohiyo behewa la mizigo likaanza kuanguka kwenye kona ya juu. Nilisukuma reli, nikaziba, nikasukuma tena. Mzee alipokuja Jumapili hakuitazama treni hata kidogo. Aliokota jiwe moja, akaliviringisha kiganjani.

"Mwanangu, nani kakumwagia shanga hizi?"

"Ni mapambo, baba."

"Kokoto ya reli inavunjwa ili iwe na kona. Kona zinang'ang'aniana. Hizi zinakimbia."

Nikampuuza kidogo, nisiseme uongo. Masika yakaja kunijibu. Asubuhi moja ya Aprili nilikuta nusu ya tuta liko kwenye bustani ya mboga, na reli ya upande wa chini inaning'inia hewani na mataruma yake kama ngazi ya kamba. Mzee alicheka mpaka akaketi. Akasema mimi nimejijengea Kilosa–Gulwe yangu, kile kipande cha reli ya kati ambacho mto Mkondoa umekisumbua miaka nenda miaka rudi. Yule fundi wa bustani nilipompigia alisema mvua ni kazi ya Mungu. Nyota moja, na hiyo moja ni ya wale vijana, waliochimba kwa bidii walichoambiwa wachimbe.

Tulijenga upya wenyewe, na hapa ndipo penye faida kwa anayetaka kufanya. Tulichimba mfereji wa kina cha sentimita 15 kufuata njia yote. Chini tukaweka vipande vya matofali, juu yake kokoto ndogo zilizovunjwa zikichanganywa na vumbi la kokoto, tukashindilia kwa ubao huku pimamaji iko mkononi muda wote. Mwinuko usizidi sentimita 3 kwa kila mita. Wangu ni 2, na kichwa kinapanda na mabehewa yote matatu bila kulalamika. Upande wa mlimani tulichimba mtaro, kisha tukapitisha maji chini ya tuta kwa mabomba ya plastiki ya inchi 2, mahali patatu. Mzee anayaita makalavati na hataki uyaite mabomba. Acheni pia nafasi ndogo kwenye maungio. Reli ya shaba ya mita 10 inarefuka karibu milimita 6 joto likipanda nyuzi 30, na ikikosa pa kwenda inajipinda.

Mimea nayo tuliing'oa karibu yote. Jani la kanna ni refu kuliko behewa, kwa hiyo treni ilionekana kama panya anayepita shambani. Sasa kila mmea nauzidisha kwa kipimo kilekile cha 22.5. Rozimari ya sentimita 45 iliyopunguzwa matawi ya chini ni mti wa mita 10. Duranta iliyokatwa fupi ni ua wa stesheni. Ukoka nimeufukuza nusu mita kutoka relini, maana ukishaingia kwenye kokoto hautoki. Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kipande cha kona ya chini, ambako nimepanda mishubiri midogo midogo kwa mistari iliyonyooka, mistari kumi, na udongo mwekundu katikati. Mgeni yeyote aliyewahi kupita Kimamba akiona anasema "mkonge" kabla sijafungua mdomo.

Kero ndogo zipo. Umeme unapita kwenye reli, na shaba ikipata mvua inafanya utando, kichwa kinaanza kushtukashtuka. Nasugua kwa sifongo ngumu kila nikitaka kuiendesha. Msitumie stilwaya: nyuzi zake zinavutwa na sumaku ya mota. Kile kifaa cha kupunguza umeme kinakaa ndani, dirishani, hakitoki nje kamwe. Jongoo wanapenda kujikunja kati ya reli saa za jioni. Na kuku wa jirani wamegundua kwamba chini ya vumbi la kokoto kuna wadudu. Hilo bado sijalipatia dawa, na jirani ni mtu wangu.

Jumla, ukiacha zile laki sita zilizokwenda na maji, kujenga upya kumenigharimu laki mbili na elfu arobaini, nyingi ya hizo ni kokoto na usafiri wake. Ningeanza tena leo ningelipia tripu ya kokoto kabla ya kununua treni.

Mzee anataka mtaro wa pili kabla ya masika mengine. Nilimwambia achague mwenyewe pa kuchimba, tutazungumza mwisho wa mwezi. Leo asubuhi nimekuta vigingi vimeshapigwa na kamba imevutwa, inapita katikati ya mchicha wangu.