TAHADHARI: Ile IST ya silva imerudi sokoni hapa Dodoma

Ndugu zangu mnaotafuta gari, hasa nyie mnaotafuta la kwanza: kuna Toyota IST ya rangi ya silva, namba D, inatangazwa tena hapa mjini tangu wiki iliyopita. Imeoshwa, matairi yamepakwa dawa yanang'aa, imepigwa picha mbele ya ua wa minyaa. Bei yake iko chini kidogo ya IST nyingine, kiasi cha kukufanya uwahi lakini si kiasi cha kukutia wasiwasi. Msiinunue. Mdogo wangu aliinunua mwezi wa tatu, na mwezi haukuisha gari likawa limeondoka uani usiku, na milioni tisa zake zikaondoka nalo.

Utaitambua kwa bampa ya nyuma, upande wa kulia: kuna mkwaruzo mrefu uliopinda kama mundu, umepakwa rangi juu juu ila kwenye jua unauona. Kwenye kioo cha nyuma wamebandua stika na gundi imebaki. Rimu wamebadilisha, kwa hiyo msihangaike na rimu. Namba ya usajili na jina la muuzaji siviweki hapa. Jalada liko polisi, kesi haijafika mahakamani, na kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 sitaki kugeuka mimi kuwa mshitakiwa. Isitoshe, jina lenyewe lingewasaidia nini? Alilomtajia mdogo wangu silo analolijua muuguzi mmoja wa Manyoni tuliyekutana naye kituoni, ambaye alilizwa na mtu huyo huyo kabla yetu.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mwenye gari anakwenda kwa wakopeshaji, hawa tunaowaita kausha damu, anachukua tuseme milioni mbili au tatu. Wao wanabaki na kadi ya gari na funguo ya akiba, halafu wanafunga kifaa cha GPS ndani ya dashibodi. Gari anaendelea kulitumia. Mpaka hapo hakuna kosa, watu kibao wanakopa hivyo. Kosa linaanza pale anapokwenda kuripoti kwamba kadi imepotea, anapata taarifa ya upotevu, anaitumia kuombea kadi nyingine. Sasa gari ni moja, kadi mbili: moja imelala kwenye kabati la chuma la mkopeshaji, nyingine anayo yeye mfukoni. Hiyo ya mfukoni ndiyo unayoonyeshwa wewe. Ukiikagua, jina ni lake, namba ya chesesi inalingana na iliyogongwa kwenye gari, namba ya injini inalingana. Unalipa. Yeye marejesho hapeleki. Mkopeshaji anafungua simu yake, anaona gari linalala Ilazo, anatuma vijana na ile funguo ya akiba. Kioo hakivunjwi, honi hailii. Mdogo wangu aliamka kwenda kazini akakuta alama za matairi tu kwenye mchanga, na geti limerudishiwa vizuri.

Tulidhani mambo yanaishia hapo, kwamba mdaiwa kauza dhamana akakimbia. Kumbe bwana yule alikwenda kwa mkopeshaji, akalipa deni na riba, akakomboa gari lake kwa raha zake. Hesabu ni nyepesi: kapokea milioni tisa, kalipa tatu na ushee, gari anabaki nalo. Tulipoliona tangazo jipya na ule mkwaruzo ndipo tulipoelewa kwamba anauza gari moja kila mara, na haliishi.

Niwaeleze na tabia yake, maana hapo ndipo watu wanapoingizwa mjini. Anapenda kukutana Uhindini, mchana kweupe, karibu na mabenki, mahali ambapo mtu hawezi kuhisi hatari. Salamu yake ni "Mbukwa!", ujue ni mwenyeji. Anasema amehamishwa kikazi kwenda Mtwara na hawezi kuliburuza gari dogo safari yote ile. Hakupigii simu mara mbili mbili. Ukimwambia unataka kwenda kufikiria, anakuambia fikiria kaka, gari si nyanya (hapo nilicheka hata mimi niliposimuliwa).

Halafu anakuja mke. Mnakagua gari, anatokea mama mmoja na mfuko wa sokoni, anasimama, anawatazama. "Baba nanihii, kwa hiyo umeamua kweli? Watoto wataendaje shule?" Mume anamjibu kwa sauti ya chini, "Mama, tumeshaliongea hili." Mama anafungua mlango wa mbele, anatoa daftari la mtoto kwenye droo ya dashibodi, anajifuta macho kwa ncha ya khanga, anaondoka bila kuaga. Mdogo wangu anasema pale alijisikia vibaya, kama anawanyang'anya watoto wa mtu usafiri wao, na wazo la kuomba punguzo likamtoka kabisa. Alikuwa na maswali mengine pia. Yote yakaishia hapo. Sasa yule muuguzi wa Manyoni naye alipoanza kusimulia, akafika kwenye daftari. Daftari lile lile, lenye jalada la bluu.

Mkataba waliandikiana ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wawili, muhuri ukagongwa. Tuelewane kuhusu muhuri huo: mwenyekiti wa mtaa anathibitisha kwamba fulani na fulani wameandikiana mbele yake. Hathibitishi kwamba gari halidaiwi, hana pa kulijua hilo. Pesa ilitakiwa taslimu, eti mtandao wa benki unasumbua. Na ilikuwa Ijumaa jioni, kwa hiyo kubadilisha jina TRA (Mamlaka ya Mapato) "tutafanya Jumatatu". Jumatatu akawa Mtwara. Wiki iliyofuata akawa na msiba. Simu alikuwa anapokea vizuri tu, anaomba radhi, anasalimia mpaka mama.

Mimi gari langu la kwanza nililinunua mwaka 2009 kwa mwalimu mstaafu wa Kikuyu, Starlet nyeupe, vioo vya kuzungusha kwa mkono. Mzee yule alikataa kupokea hata shilingi kabla hatujafika TRA. "Kwanza jina langu litoke, mwanangu, sitaki ugonge mtu polisi waje kwangu." Alinipa funguo mbili zimefungwa kwa kamba ya kiatu na daftari alilokuwa anaandika kila alipobadilisha oili, kwa wino mwekundu, kama anasahihisha mitihani. Wiki hiyo hiyo nikalipeleka nyumbani Kondoa. Barabara wakati huo ilikuwa vumbi tupu, lami mpaka Babati imekuja kuzinduliwa 2018. Ukifika Mayamaya hujui tena gari lako lilikuwa rangi gani, na Chemba unaingia unakohoa. Mdogo wangu alikuwa darasa la nne. Alichukua kitenge cha mama kilichokuwa kwenye kamba, kibichi bado, akalifuta gari lote mpaka ndani ya vifuniko vya rimu, akachapwa kwa ajili ya kitenge, akarudi kumalizia tairi la mwisho. Usiku aliomba alale ndani ya gari. Baba akamruhusu.

Kwa hiyo alipopata ajira wizarani, kule Mtumba, nilijua pesa yake ya kwanza ya maana itakwenda wapi. Na siyo anasa. Kutoka katikati ya mji mpaka Mji wa Serikali huko Mtumba ni kama kilomita 17, na wanaoishi upande wa pili wa mji wanajua asubuhi daladala zinavyojaa. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa, huu mji umejaa vijana wa namna yake: ajira mpya, mkopo wa benki wa wafanyakazi, hawana ndugu wa kuwasindikiza kwenda kuangalia gari. Huyu mtu anawatafuta hao hao. Mwenye gari la pili au la tatu anauliza funguo ya akiba iko wapi. Anayenunua la kwanza anauliza kama redio inasoma bluetooth. Mkopo ule bado unakatwa kwenye mshahara wa mdogo wangu kila mwezi, na utaendelea kukatwa miaka minne ijayo, gari lipo au halipo.

Funguo basi, ndiyo nianze nayo. Muuzaji akikwambia funguo ni moja, nyingine ilipotea, usikimbilie kumwamini hata kama inawezekana ni kweli. Mwambie abadilishe vitasa na swichi kwa gharama yake kabla hujalipa, umwone usoni. Halafu nenda na fundi wako mwenyewe, siyo anayetafutiwa na dalali, umwambie afungue plastiki ya chini ya usukani aangalie nyaya. Kifaa cha GPS kinaweza kuwa kidogo kama kiberiti, lakini kwa kawaida kinachukua umeme mahali, na mara nyingi utakuta waya umeungwa kwa utepe mweusi ambao ni mpya kuliko vitu vingine vyote mle ndani. Baada ya tukio tulimuuliza fundi mmoja wa Chang'ombe anayezoea kazi hizo, akasema vifaa anavyovitoa ni vingi, watu wanamletea magari bila kujua vimo.

Kadi nayo, usiishie kuitazama. Nenda nayo TRA pamoja na muuzaji, uliza kama gari hili limewahi kutolewa kadi nyingine na kwa sababu gani. Kadi ya mwaka huu kwa gari lililosajiliwa miaka mingi nyuma kwa jina lile lile inahitaji maelezo. Uhamisho wa umiliki muuanzishe siku hiyo hiyo mkiwa pamoja, kila mmoja na TIN yake (namba ya mlipakodi). Ada ya uhamisho ni 50,000, kadi mpya 10,000, ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani. Kwa gari la milioni tisa jumla inakuja 150,000. Hata akikwambia ugawane naye, gawana. Pesa yenyewe iingie kwenye akaunti ya benki yenye jina lililoko kwenye kadi, siyo la shemeji, siyo la dalali, na iingie baada ya uhamisho kuanza. Asiyetaka hivyo ana sababu, na sababu yake haikuhusu. Madeni ya trafiki unayaona mtandaoni kwa namba ya gari. Bima nayo inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Hivi vyote vya mwisho IST ile ilikuwa safi kabisa, kwa hiyo visikupumbaze.

Kuhusu wakopeshaji. Tulikwenda ofisini kwao. Leseni ya Benki Kuu ya daraja la pili imening'inizwa ukutani kwenye fremu, mkataba wa mkopo wakatutolea, umesainiwa wiki kadhaa kabla ya mdogo wangu hajalijua gari hilo. Wakasema wao wanamdai mteja wao na dhamana yao wameichukua, hayo mengine tumalizane naye. Sisemi wanashirikiana naye, sina ushahidi. Lakini benki ikikukopesha gari, jina lake linaandikwa kwenye kadi pamoja na lako, na kila atakayeishika ataliona. Hawa wanaficha kadi kabatini na kifaa chini ya dashibodi, mnunuzi hana pa kuonea deni. Wangelazimishwa kuandika rehani zao TRA kama benki, mchezo huu ungekufa wenyewe, na wao wasingepungukiwa chochote.

Polisi tumepewa RB, yaani namba ya taarifa yetu, kosa limeandikwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Mwanzoni askari wa zamu alitaka kutuambia haya ni madai tu, siyo jinai, twende mahakama ya mwanzo. Taarifa ya uongo ya kupotea kwa kadi ndiyo iliyobadilisha mambo, kwa sababu mkopeshaji alikuwa na kadi ya kwanza mkononi na akakubali kuileta. Kama nawe ulinunua kwake, tafuta hicho kwanza: nakala ya ile taarifa ya upotevu na tarehe ya mkataba wa mkopo. Tukiwa wawili ni ugomvi wa kibiashara. Tukifika wanne au watano, jalada linasomeka tofauti.

Aliyeonyeshwa gari hili wiki hii, au ambaye ameshatoa kishika uchumba, aniandikie inboksi leo. Ukiwa umepanga kukutana naye, usimfutie miadi na usimwambie umesoma hapa. Niambie siku na saa tu.