Pakiti ya Kirinyaga ndani ya dele langu

Mimi huuza kahawa tungu jioni hapa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Buni nakaanga mwenyewe hadi ziwe nyeusi, naponda kinuni, natia tangawizi na iliki. Basi kijana wa duka jipya la Usita wa Mui, njia kuu ya mji, aliponitajia shilingi 700 kwa pakiti ya robo kilo ya kahawa, nilidhani ananitania. Nikanunua kwa ubishi.

Lililonivuta ni maandishi ya nyuma: Kirinyaga, jina la chama cha ushirika, kiwanda kilichoziosha, msimu wa mavuno, hata aina ya mibuni, SL28 na Ruiru 11. Gunia langu la jumla halijawahi kuniambia hata kaunti. Najua tu kwamba nyingi humo ni mbuni (si yule ndege), tunda lililokaushwa na ganda lake, ambalo mkulima hulipwa bei ya chini.

Siku ya kwanza niliichemsha deleni, birika langu la kahawa, kama zangu. Ikatoka kali kama ukwaju. Mzee mmoja wa barazani alionja, akanirudishia kikombe: "Hii imechacha?" Nikarudi dukani nimekunja uso. "Ami, hii haichemshwi. Mwagia maji ya moto, ngoja dakika nne, chuja. Na tangawizi weka mbali." Nikafanya hivyo. Wallahi, ina ladha ya zambarau mbivu! Kashata inaizima kabisa, lakini kwa tende ni tamu mno.

Sasa lawama yangu. Kilo moja ya buni safi hutokana na kilo sita au saba za matunda mabivu, na kukaanga nako hupunguza uzito. Kwa hivyo pakiti yangu imekula karibu kilo mbili alizochuma mtu kwa mkono, moja moja. Mwanachama wa ushirika hulipwa kwa kilo ya matunda, kwa hiyo hesabu ipo daftarini. Mbona pakiti inayojisifu "haki kwa mkulima" inataja hadi mwinuko wa shamba, bei aliyolipwa mkulima ikafichwa?

Nilimuuliza kijana. Akageuza pakiti, akaisoma yote, akakuna kichwa. Kasema atapiga simu bara.

Ladha naipa nne juu ya tano. Ile haki nitaipa alama simu ikijibiwa. Deleni nimerudisha zangu nyeusi.