Mota ya geti langu mwaka wa tatu sasa: uzoefu wangu, na usiku ule lilivyogoma

Nimekaa na hii mota ya geti mwaka wa tatu, na majirani wawili wameshaniuliza kama na wao wafunge, kwa hiyo naandika yote kwa mpigo, mazuri na ya kukera. Jina la mota sitaji wala la duka, maana sehemu kubwa ya yaliyonikuta kumbe hata halikuwa kosa la mota, mtaona.

Nipo Kibada, Kigamboni. Geti ni la kuslaidi, chuma tupu, limetengenezwa na fundi wa mtaani wa wale wanaoamini chuma kikiwa kizito ndo ubora. Kabla ya mota ilikuwa ni honi mpaka mtaa mzima ujue umerudi. Nikafunga mota, 1,350,000 pamoja na ufundi, rimoti mbili. Hii yangu ni ya betri, na hapo ndo wengi hatuelewi, mi mwenyewe sikuelewa mpaka yaliponikuta. Umeme wa ukutani hauvuti geti, kazi yake ni kuchaji betri ya 12V 7Ah iliyomo humo ndani, betri ndo inavuta. Raha yake umeme ukikatika unafungua kama kawaida. Ubaya wake betri ikichoka geti linagoma na umeme upo, taa za ndani zinawaka, feni inazunguka, we unabaki unashangaa.

Mwaka wa kwanza safi kabisa. Wa pili likaanza kwenda taratibu huku linalia, ule mlio wa chuma kinachosagana, nikapaka grisi kwenye reli nikajiona fundi. Kosa kubwa hilo, maana Kigamboni ni mchanga mtupu na mchanga ukikutana na grisi inakuwa msasa. Reli ya geti inafagiliwa tu, haipakwi kitu. Hiyo niliambiwa baadaye sana.

Sasa usiku wenyewe. Masika, saa tano, nimevuka daraja mvua inanyesha kama imetumwa, nafika getini nabonyeza rimoti, nasikia tik, kimya. Tena, tik, kimya. Nikabadilisha rimoti, nikashuka na kuisogeza karibu kabisa na ukuta, tik tu. Nikampigia Mama Nuru aamke akaliweke manuali, yaani lisukumwe kwa mkono bila mota, akaniuliza funguo ya manuali iko wapi. Iko kwenye funguo zangu za gari. Yaani funguo ya kufungulia geti kutokea ndani nilikuwa nayo mimi nje! Na kale kamlango ka pembeni ka kupita watu niliziba kwa tofali wakati nafunga mota, eti usalama. Ikabidi nizime gari nipitishe bunda zima chini ya geti, yeye na kanga yake na tochi ya simu anazitafuta kwenye dimbwi.

Akafungua, akavuta kile kishikio cha kuachia gia, akasukuma. "Baba Nuru, haliendi." Nikamwambia sukuma kwa nguvu, akanijibu kwa sauti ambayo sitaiandika hapa. Mimi navuta kwa nje yeye anasukuma kwa ndani, likasogea kwa kuburuzika, upana wa gari kupita kwa tabu ikatuchukua kama robo saa.

Kama ningekuwa na akili usiku ule tatizo lilikuwa limeshajitaja lenyewe. Ukishaachia gia mota haihusiki tena, geti linatakiwa lisukumike na mtu mmoja bila kukunja uso. Likiwa zito wakati gia imeachiwa, ugonjwa uko kwenye geti, mota muache. Lakini nilikuwa nimelowa na hasira juu, asubuhi nikaita fundi umeme.

Fundi akaja na testa, akapima betri ikasoma volti 12.5, akasema betri nzima. Akabonyeza rimoti huku testa imo, ikaporomoka mpaka 8 na kitu. Hapo namsifu kabisa, alipima vizuri, betri ya hivyo unaweza kuiona nzima ikiwa imekaa tu lakini ukiipa kazi inakata pumzi. Nikanunua nyingine 55,000, geti likafunguka, nikampa chake akaondoka, nikajua yameisha.

Wiki tatu! Tik, kimya. Akarudi, safari hii akafungua mfuniko wa bodi, ile sakiti inayoiamuru mota, na humo ndani, ndugu zangu, sisimizi. Siyo kumi wala ishirini, wamejenga, wana mayai, na mjusi mmoja mkavu amelala juu ya waya. Fundi akatikisa kichwa kama daktari, "Bosi, bodi hii imeliwa, wamepiga shoti, hapa ni bodi mpya." 480,000, na inaagizwa, wiki mbili. Nikamwambia nipe nafasi nijipange. Ukweli nilikuwa sina.

Wakati najipanga tukawa tunasukuma kwa mkono. Jumamosi akaja fundi wa kuchomelea, kijana wa hapa hapa mtaani, nilimwita kwa ajili ya nondo za dirisha tu, hata habari ya geti sikumwambia. Akanikuta nasukuma, akaniangalia, akaweka mashine yake chini. "Mzee, hili geti limekaa." Limekaa vipi? Akainama akanionyesha pale gia ya mota inapokutana na yale meno marefu yaliyofungwa kwenye geti, akajaribu kupitisha kisu cha msumeno katikati, hakipiti. Kumbe panatakiwa pawe na nafasi ndogo, kama milimita mbili hivi. Tairi za chini zilikuwa zimekwisha, moja beringi imesagika kabisa, geti limeshuka, na uzito wote wa lile lichuma umelalia gia. Mota ilikuwa haivuti geti, ilikuwa imelibeba. Ndo maana inakula betri, ndo maana ile mpya nayo imekata pumzi ndani ya wiki tatu, na sisimizi masikini walikuwa wapangaji tu, hawana kesi.

Alichofanya: akaliinua kwa jeki ya gari yangu, akatoa tairi mbili akafunga mpya zenye beringi za kufungwa zisizoingiza mchanga, akarudisha meno juu kidogo, na nafasi akaipima kwa visu vitatu vya msumeno vilivyolaliana. Tairi 70,000, ufundi 40,000. Bodi tukaipuliza vumbi, tukaisugua kwa mswaki wa zamani na spiriti, ikakauka juani, tukarudisha, ikafanya kazi. Ile ile ya 480,000. Betri niliichaji usiku mzima kwa chaja ya nje, ikapona.

Kwa hiyo kama lako limegoma kabla hujaita mtu yeyote liweke manuali kwanza ulisukume. Likiwa zito hangaika na tairi na reli. Likiwa jepesi ndo uingie kwenye betri, fyuzi, rimoti. Rimoti nayo ina dalili yake, ukiona siku hizi mpaka ufike getini kabisa ndo inasikia, betri yake imekwisha, ni ya buku mbili tatu usiitie fundi. Na kama linafunguka ila halitaki kufunga, nenda moja kwa moja kwenye zile sensa mbili zinazotazamana, moja kila upande, zinapigiana mwanga na mwanga ukikatwa geti halifungi. Kwangu iliwahi kuwa utando wa buibui, kwa jirani ni tawi la mti wake wa pambo ambalo likipulizwa na upepo linakata mwanga, aliteseka mwezi mzima, mchana anafunga kwa mkono, usiku upepo ukitulia linafunga lenyewe, akasema nyumba ina mambo.

Sisimizi: wanapita kwenye bomba la waya linalotoka chini. Ziba kwa silikoni, ndani weka vidonge viwili vya nafthalini. Wangu hawajarudi.

Maksi zangu. Mota yenyewe nne kati ya tano, imebeba geti miezi na miezi bila kuungua, ningekuwa mimi ningeshaacha kazi. Nakata moja kwa sababu kitabu chake hakisemi popote kwa lugha ya mtu wa kawaida kwamba betri ndo inavuta. Ufungaji nawapa moja na nusu. Hawakukagua tairi kabla ya kufunga, hawakuziba bomba la waya, na funguo ya manuali walinipa moja tu tena bila neno. Nimechonga nyingine, inaning'inia jikoni nyuma ya mlango, na kale kamlango nimeshaongea na fundi ujenzi aje kubomoa tofali.

Jana umeme ulikatika kuanzia saa moja jioni mpaka karibu saa tano, tumefungua na kufunga mara sita, nikapima betri 12.4. Taa ya juu ya nguzo ile ya kumweka geti likitembea bado haiwaki, hiyo sijaigusa.