Diski na pedi mpya kwenye Eunos Roadster ya 1991: uzoefu wangu hapa Unguja

Gari ni Eunos Roadster ya 1991, ile ambayo nje ya Japani inaitwa Mazda MX-5. Alikuwa nayo ami yangu, akaniachia mimi. Injini 1600, viti viwili, paa la kufungua, uzito hata tani moja haifiki. Inalala uani kwetu Bububu, na upepo wa bahari unaipata usiku kucha. Huo upepo ndio uliokuja kunitesa kuliko kitu chochote.

Kanyagio la breki lilianza kutetemeka mguuni, na kila nikikanyaga gari ikawa inavuta kushoto. Nikavua gurudumu la mbele nikapima unene wa diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na breki, kwa venia (kipimo cha taya): milimita 15.4. Diski za mbele za injini ya 1600 zikiwa mpya zina unene wa milimita 18, na zikifika 16 ni za kutupa. Kumbe nilikuwa natembea na diski zilizokwisha, na kiti cha pembeni mara nyingi hukaa mama yangu. Siku ile sikuiwasha tena.

Mjini sikupata za kufaa, nikaagiza kwa muuzaji wa Dar es Salaam. Nikamtajia gari na mwaka, akasema anazo. Boksi likaja kwa boti, nikalipokea Malindi, nikalifungua palepale. Diski safi, lakini kipenyo milimita 255. Zangu ni 235. Za 255 ni za injini ya 1800 iliyokuja baadaye kwenye gari hiihii, na kalipa zake, yaani vibanio vinavyokandamiza pedi kwenye diski, ni nyingine. Nikampigia. "Ndugu yangu, gari ni moja, funga tu." Haiwezekani kufunga tu, diski haiingii ndani ya kalipa. Nauli ya kuzirudisha nikalipa mimi, na gari ikakaa juu ya mastendi wiki mbili zaidi. Lile neno "gari ni moja" linaniudhi mpaka leo, maana mtu asiyepima angeweza kulazimisha. Anayetaka kuagiza apime kipenyo cha diski iliyomo, apige picha venia ikiwa juu yake, ataje na injini.

Mara ya pili nikachukua kwa mtu mwengine: diski za mbele za Brembo, na pedi za EBC Greenstuff mbele na nyuma. Diski za nyuma bado zilikuwa na nyama, nikaziacha.

Kuzitoa zile za zamani, mimi na fundi, ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Diski haina bolti ya kuishika kwenye habu (kitovu cha gurudumu), ukishaondoa kalipa na kishikio chake inatakiwa itoke kwa mkono. Zangu zilikuwa zimeganda kwa kutu. Tulizimwagia WD-40 usiku, asubuhi tukazigonga kwa nyundo huku tukizungusha, tukapiga msasa uso wa habu mpaka ukawa mweupe. Hapo pasirukwe: chembe ya kutu ikibaki chini ya diski mpya, diski inakaa upande na kutetemeka kunarudi.

Sasa ule upepo. Pini ambazo kalipa hutelezea, upande wa kulia, zilikuwa hazisogei kabisa kwa kutu. Pedi ya ndani imeliwa mpaka karibu na chuma, ya nje ina nusu yake. Gurudumu la kulia lilikuwa halishiki vizuri, la kushoto linashika, ndiyo maana gari ikavuta kushoto. Ningefunga diski na pedi mpya na kuziacha pini vile, ningeziua spea ghali kwa miezi michache. Tulizitoa, tukazisafisha, tukabadilisha vimpira vyake na kupaka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida msitie, inavimbisha mipira.

Nyuma tulikaribia kuharibu. Fundi alichukua jiliwa ili asukume pistoni, ile inayosukuma pedi, irudi ndani kama za mbele. Nikamwambia, "Yakhe, ngoja, hizi hazisukumwi." Kalipa ya nyuma imeunganishwa na handibreki. Nyuma yake kuna bolti ya 14, ukiifungua unakuta tundu la alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4, na pistoni inarudi kwa kuzungusha huko. Ukishaweka pedi unazungusha mpaka ziguse diski, halafu unarudisha theluthi moja ya mzunguko. Fundi akanitazama, akajaribu, akacheka kwa furaha. Handibreki ambayo ami aliikatia tamaa siku nyingi sasa inashika.

Mafuta ya breki nayo tulibadilisha yote, yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa, na kisiwani unyevu haukosekani. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, yakishakunywa maji yanaweza kushuka hadi 155. Nimejiwekea kila miaka miwili.

Diski mpya zina mafuta ya kuzuia kutu, tulizifuta kwa dawa ya kusafishia breki kabla ya kufunga. Kisha baada ya sala ya alfajiri, barabara ikiwa tupu, nikaenda Tunguu ili pedi na diski zizoeane, nikawa napunguza mwendo kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 20, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa, na kuziacha zipoe katikati. Siku za mwanzo nilikwenda taratibu tu. Baada ya kilomita mia tatu hivi kanyagio likawa gumu na linajibu mapema. Mguuni kumetulia, usukani nikiuachia kidogo gari inakwenda mbele.

Juzi pale Jozani kima punju alivuka mbele yangu ghafla, mtoto kifuani. Nilikanyaga, gari ikasimama imenyooka, naye akapita zake. Mama hakusema kitu mpaka tumefika Paje, ndipo akaniuliza kama breki za kaka yangu nazo nimeshazipima.