TAHADHARI: Litografia feki za wanawake wa Kifaransa, soko la Saint-Ouen

Nimepigwa euro 180, wenzangu, mchana kweupe, pale soko la vitu vya kale la Saint-Ouen, kando ya Paris. Naandika nikiwa bado natetemeka, kabla muuzaji huyo hajamliza mwingine.

Nilikuwa natafuta litografia ya kale ya mwanamke wa Kifaransa, yaani picha iliyochorwa juu ya jiwe kisha ikachapwa kwenye karatasi. Muuzaji, mzee mmoja, akatoa fremu chini ya meza, akafuta kioo kwa mkono wa koti lake, taratibu, kama anamwosha mtoto uso. Ndani kuna mama wa Kifaransa, mabega wazi, nywele zimefungwa juu, mikono ya gauni imefura vile walivyovaa miaka ya 1830. Chini jina la mchoraji Grevedon, pembeni Lemercier, mchapaji wa Paris. Akaigeuza: mbao imetobolewa na wadudu, misumari ina kutu. Nani asingeamini? Tena mambo anayajua! Akanieleza mchoraji anavyochora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, jiwe likaloweshwa, wino ukashika palipochorwa tu. Mteja mwingine akaomba apunguziwe, akafukuzwa. (Sasa nina wasiwasi kama hata yule alikuwa mteja.) Nikasema tufungue fremu, akashika kifua: "Karatasi ya karibu miaka 200, itachanika!" Nikalipa taslimu. Na nikamshukuru, jamani. Nilimshukuru!

Shemeji ndiye aliyeleta kile kioo chake cha kukuzia stempu. Shavu lote la yule mama ni nukta tupu, zimejipanga safu kwa safu. Hiyo ni nakala ya mashine; litografia ya jiwe huwa na chembechembe za chaki zisizo na mpangilio. Tukafungua: hata madoa ya kahawia ya uzee yamechapwa! Karatasi ukiimulika kwa taa ya kukagulia noti inawaka bluu. Za enzi zile haziwaki hivyo. Fremu tu ndiyo ya kale.

Nimerudi, ananionyesha risiti: "picha yenye fremu", basi. Ufaransa kuna amri ya tarehe 3 Machi 1981, ukidai lazima akuandikie kitu ni nini na ni cha lini. Daini! Akigoma, ondokeni.

Huyu anyang'anywe meza, afikishwe mahakamani, arudishe kila senti mbele ya wauzaji wenzake waliokuwa wanacheka. Polisi nimeshakwenda. Mwenye risiti yake kama yangu anitumie meseji leo, tumshitaki pamoja.