StatStrip Xpress: kipima laktati cha mkononi kwa wodi ya wagonjwa mahututi

Hospitali isiyo na mashine ya gesi za damu, ambayo hupima pia laktati, ikinunue kifaa hiki cha Nova Biomedical, mradi ihakikishe vijiti vyake vya kupimia havikosekani. Kinapima laktati, zao la sukari linaloongezeka damuni tishu zikikosa oksijeni. Kinatumia mikrolita 0.6 za damu, kinatoa jibu ndani ya sekunde 13, na kinarekebisha tofauti ya wingi wa chembe nyekundu, jambo kubwa kwenye wodi iliyojaa wagonjwa wenye upungufu wa damu.

Kinachookolewa hasa ni safari ya maabara. Chembe nyekundu huendelea kula glukosi na kutoa laktati hata zikiwa kichupani. Sampuli ikikaa kwenye joto, nje ya barafu na bila kichupa cha floridi chenye kifuniko cha kijivu, namba hupanda ilhali mgonjwa yuko vilevile.

Makosa mengi huanzia kidoleni. Safisha kwa spiriti, subiri ikauke kabisa, toboa, futa tone la kwanza (jasho lina laktati nyingi kuliko damu), kisha gusisha kijiti kwenye tone la pili bila kukamua. Vidole vikiwa vya baridi kwa mshtuko (mzunguko wa damu ukishindwa), achana navyo; chota damu ya vena. Ikisoma chini ya 2 mmol/L, inatosha. Ikizidi na uamuzi ni mzito, thibitisha kwa damu ya ateri.

Kwa fasili ya 2016, mgonjwa wa sepsisi (maambukizi yanayoharibu kazi ya viungo) aliyepewa maji ya kutosha, akabaki anahitaji dawa za kupandisha presha ili wastani wa presha yake ufike 65 mmHg, na laktati ikazidi 2, yuko kwenye mshtuko wa sepsisi. Vifo hospitalini huzidi asilimia 40. Ila kifaa hakijui laktati imetoka wapi. Adrenalini (mojawapo ya dawa za kupandisha presha), salbutamoli ya pumu, degedege, metformini ya kisukari, ini lililoshindwa na malaria kali vyote huipandisha. Kusoma 4 saa moja baada ya kuanza adrenalini si ruhusa ya kutundika dripu nyingine. Utafiti wa Lusaka uliochapishwa 2017, kwa watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, ulipata vifo asilimia 48.1 kwa waliopewa maji na dawa za presha kwa utaratibu wa mapema, dhidi ya 33.0 kwa huduma ya kawaida.

Udhaifu ni vijiti. Kupima kila saa mbili kwa saa nane ni vijiti vitano kwa mgonjwa mmoja. Kopo likiachwa wazi au dirishani kwenye jua, vinaharibika kimyakimya. Andika tarehe ya kufungua, na pima kwa maji ya udhibiti (yenye kiwango cha laktati kinachojulikana) kila unapofungua kopo jipya.

Vikiisha, bonyeza ncha ya kidole kwa kioo kwa sekunde 10, uachie; rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, mzunguko wa damu bado ni mbaya. Katika utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK wa 2019, kwa wagonjwa wa mshtuko wa sepsisi, vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 34.9 kwa waliofuatiliwa hivyo na 43.4 kwa waliofuatiliwa kwa laktati, ingawa kitakwimu tofauti hiyo haikuthibitika.