Chai ya ulongi yenye asumini, na ulongo niliouziwa

Nina hasira tangu mvua zile za mwisho, na zimekataa kupoa, basi nizimwage hapa. Kwa yule dada aliyeniuzia chai hii sinunui tena. Chai yenyewe ni habari nyingine na nitaieleza kwa haki yake, lakini yeye hapana.

Pakiti ya kwanza nilituma hela kwa simu, ikaja na basi kutoka Dar, nikaifuata stendi hapa Mtwara. Nilipoikata jikoni nilisimama tu. Ilikuwa harufu ya uani kwa bibi, Mikindani, magharibi inapoingia. Bibi alikuwa na mwasumini kando ya kisima, na sisi watoto tulitumwa kuchuma alasiri, matumba tu, yale meupe yaliyojaa lakini hayajafumbuka. Ukimletea lililokwisha kufumbuka anakurudisha. Tulitunga kwenye uzi, na usiku yanafumbuka yenyewe, nyumba nzima inanukia.

Kumbe Wachina wa Fuzhou, jimbo la Fujian, wanafanya vilevile na ua hilohilo. Wanachuma matumba mchana, jioni wanayachanganya na majani makavu ya chai, usiku maua yanafumbuka na chai inakunywa harufu. Kisha wanayachekecha maua, wanakausha chai upya, na wanaleta maua mengine. Chai nzuri hurudiwa hivyo mara kadhaa. Aghalabu hutumia chai ya kijani, ila hii yangu ni ulongi, jani lililoachwa liive kwa hewa nusu njia, halafu likasokotwa kuwa punje kama pilipili manga. Maua yenyewe huyakuti pakitini, labda moja mbili yaliyosahaulika. Harufu imo ndani ya jani.

Mama mkwe alipolisikia jina alishtuka. "Chai ya ulongo, mwanangu?" Nikamwambia ulongi, mama, ni jina la Kichina. Akataka sukari, nikamwomba aonje kwanza. Aliinywa chai ile kwa vikombe vidogo vya kahawa, vitatu, na korosho za kukaanga pembeni, kisha akauliza asumini nimeitia saa ngapi, mbona hakuniona nikichuma. Sukari hakuikumbuka tena.

Kwa anayetaka kuipika, asiichemshe sufuriani kama chai ya rangi, itakuwa chungu na harufu yote itaondoka na mvuke. Maji yachemke, uyaepue, ungoje dakika mbili tatu yatulie. Kijiko cha chai kilichojaa kinatosha birika dogo la vikombe viwili. Maji ya kwanza ni ya kuosha, mwaga hapohapo. Yanayofuata yakae dakika moja hivi, umimine yote, usiyaache majani yakilowa. Kila duru unaongeza muda kidogo. Punje zinafunguka polepole mpaka zinakuwa majani mazima, mapana, na duru ya tatu kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Nafika ya tano, ya sita. Maji ya kisima chetu yana chumvi na yaliiua kabisa, ikanywewa kama dawa. Nilikinga ya mvua, yalipokwisha nikanunua ya dukani. Inastahili.

Basi nikaagiza ya pili. Pakiti ileile, jina lilelile, shilingi 35,000 zilezile. Harufu ilinipiga puani kabla mkasi haujamaliza kukata. Juu yamejaa maua makavu, meupe meupe, ya kupendezesha macho. Maji ya kwanza yalikuwa kama mtu kadondoshea losheni kikombeni. Ya pili harufu imekwisha, umebaki uchungu. Ya tatu maji tu. Sisi tuna maneno mawili kwa jambo hili na yanatosha: ile ilinukia, hii inanuka. Wamechukua majani ya hovyo wakayamwagia manukato, wakatupia maua juu. Huo sasa ndio ulongo, mama mkwe hakukosea.

Nikampigia. Kwa adabu. "Dada, samahani, hii chai siyo ile ya kwanza."

"Mpenzi, chai ni ileile. Labda imeshika harufu ndani ya basi."

Najua chai inashika harufu ya kila kinachokaa karibu nayo, ndiyo siri yake yote. Kama ni basi, ingeshika ng'onda, maana mabasi yetu ng'onda hazikosi. Haingeshika manukato ya dukani. Nikamwambia hivyo, nikamweleza na habari ya maji ya pili na ya tatu. Akavuta pumzi, akasema, "Dada, nyie wa huko Kusini mmezoea chai ya rangi na mihogo. Ulongi mtaijulia wapi?" Akakata.

Koo lilinikauka, sikumjibu. Namjibu sasa. Kilwa iko hukuhuku Kusini, mkoa wa Lindi, na wachimbuaji wa mambo ya kale wametoa vipande vya vyombo vya China kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Vilishuka kwenye bandari zetu karne nyingi kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Na asumini unanifundisha mimi? Mimi niliyerudishwa mtini na bibi kwa tumba moja lililofumbuka mapema? Mihogo tunakula, ndiyo, na pua tunazo.

Pakiti ile nimemrudishia kwa basi lilelile, nauli ya mzigo nimelipa mwenyewe. Ilifika. Kimya mpaka leo.

Na bado, naandika haya nikiwa na kikombe cha duru ya tano cha ile ya kwanza, na bado kinanukia. Nilisema sinunui tena. Akiniletea ile ya kwanza nitainunua, siwezi kusema uongo, sijapata nyingine inayoifikia. Hapana, lazima aombe radhi kwanza. Si kwangu tu, kwa alivyosema "nyie". Akiomba, nitamtumia hela siku hiyohiyo na nitawaambia na majirani. Asipoomba, mwasumini wa bibi bado upo, na majani ya chai nitayatafuta nijaribu mwenyewe usiku.

Vimebaki vijiko vitatu. Nimeviweka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko, mbali na iliki na mbali na ng'onda. Mama mkwe anakuja Ijumaa.